Ng'ombe Waliokula Samaki

Nyahanga, Kahama
10 Julai 1983

Shangazi Scolastika,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia shuleni imelowa kona moja na kunuka dagaa, nikajua ni yako hata kabla sijasoma jina. Sisi tupo. Mama anaumwa magoti lakini bado anatwanga. Baba anakusalimu. Kaka Maganga ameanza kuvaa shati la kola hata siku za kwenda shambani, na sababu yake nitakueleza nikiwa na hakika. Mimi niko kidato cha tatu, mchepuo wa kilimo, na bado sijui kusema mbele ya watu. Mwalimu akiniuliza swali najibu nikiwa nimeangalia viatu vyake.

Uliuliza habari za ng'ombe wako wanne uliomwachia baba awatunze. Ndiyo maana nimechelewa kujibu. Shangazi, wamekonda. Ngitili yetu, yale majani tunayoyazuia yasichungwe masika ili yatufae kiangazi, iliungua mwezi uliopita. Hakuna anayejua moto ulitoka wapi, au anayejua hasemi. Sasa wanakula mabua ya mtama na majani makavu kama ufagio. Yule mtamba wako mweupe unaweza kuhesabu mbavu zake ukiwa barabarani.

Mwalimu Bartholomeo, anayetufundisha mifugo, alisema ng'ombe hali peke yake. Katika chumba cha kwanza cha tumbo lake wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, na hao ndio wanaoyavunja majani. Majani makavu hayana protini. Vijidudu wakikosa protini wanadhoofu, kazi inasimama, na ng'ombe anaweza kufa njaa tumbo likiwa limejaa. Maneno hayo ya mwisho yameninyima raha.

Dawa yake ni mashudu ya pamba. Nilikwenda kuulizia penye mashine ya kukamua mafuta. Mlinzi akacheka. "Mashudu? Mashine yenyewe imelala tangu Pasaka. Shuleni hawawapi ugali siku hizi?" Nikaondoka bila kumweleza kwamba si ya kula mimi.

Mwalimu anasema dagaa nao wana protini nyingi. Si wale wazuri wa kuuza. Namaanisha vumbi na vichwa mnavyofagia. Kama ukiweza kupata magunia mawili, lori la Velji wa Kagongwa hufika huko kuchukua samaki. Naona haya kukuomba, lakini naona haya zaidi kuwatazama ng'ombe.

Mwanao,
Ignas


Nkome
31 Julai 1983

Mwanangu Ignas,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa mgongo. Siku hizi nikiinama kuanika dagaa nakaa huko huko chini kwanza, nikitafakari kama kuna haja ya kuinuka. Mwambie mama yako apake mafuta ya nyonyo magotini. Mwandiko wangu unavyouona ni ule ule wa elimu ya watu wazima, unavumilia tu.

Nimekutumia magunia matatu ya vumbi la dagaa. Nimelipepeta mwenyewe, maana dagaa wetu tunawaanika kwenye mchanga, na ukifagia bila kuangalia unafagia ufuo mzima. Wewe nawe pepeta tena. Wanawake wa mwaloni, hawa ninaoanika nao ufuoni, walinicheka mpaka wakashika mbavu. "Scola, ng'ombe wako wamehamia ziwani?" Nikawaambia wamechoka kuchungwa, wanataka kuvua.

Sasa nisikilize, maana sijawahi kukwambia wazi. Nimechoka na huu mwalo. Nataka kurudi nyumbani mwakani, na wale ng'ombe wanne ndio nyumba yangu. Mwanamke asiye na mtoto, aliyeachwa na mume, akirudi kwao mikono mitupu anaitwa mgeni. Akirudi kwenye maziwa yake mwenyewe anaitwa dada. Nimewanunua kwa dagaa, mmoja mmoja. Usiache wafe.

Huku kuna samaki mgeni, sangara, mkubwa kama mtoto wa shule na ana mafuta mpaka yanazima moto wa kumchoma. Watu wanayakamua wanajaza madebe. Je, nikutumie? Mafuta si ndiyo unene wenyewe?

Mimi shangazi yako,
Scolastika


Nyahanga, Kahama
28 Agosti 1983

Shangazi,

Shikamoo. Magunia yalifika, na dereva wa Velji anasema hatayapakia tena karibu na sukari.

Siku ya kwanza ng'ombe wako walinusa, wakanitazama, wakageuka. Nikachanganya na pumba za mpunga na kijiko cha chumvi. Yule mwekundu akalamba, wengine wakamfuata kwa wivu. Jumamosi natembea kwenda nyumbani kuchanganya chakula cha juma zima, na mama ndiye anayewapa siku ninazokuwa shuleni. Sasa wanacheua vizuri. Mbavu za mtamba mweupe zimeanza kufunikwa.

Lakini majirani wamekasirika. Hapa kwetu hawajapata kuona ng'ombe akila samaki. Mama alimpelekea jirani maziwa, yakarudi na kibuyu chake. "Mama Maganga, asante, lakini leo si siku ya kitoweo." Baba naye anasema, "Leo samaki, kesho mtawapikia nyama ya mbuzi." Hata hivyo hakutuzuia, kwa kuwa anaona wanapona.

Kuhusu mafuta nilimwuliza mwalimu, faragha, baada ya kipindi. Anasema kidogo yanafaa, kikombe kimoja cha chai kwa ng'ombe kwa siku, tena uanze na nusu. Yakizidi yanayapaka majani tumboni, kama nguo yenye grisi inavyokataa maji, na vijidudu hawawezi kuyashika. Ng'ombe ataacha kucheua, atahara, na aliyedhoofu anaweza kufa. Kwa hiyo mafuta siyo unene, Shangazi. Nami nilidhani kama wewe.

Sasa lile shati la kola. Kaka Maganga amepata mchumba, Apolonia, binti wa upande wa Isaka. Washenga wa kwao watakuja mwanzoni mwa Oktoba kukagua ng'ombe wa mahari. Wametaja kumi. Ng'ombe wa baba ni sita.

Jana baba alisimama mlangoni pa zizi akihesabu kwa kidole, na hakusimama kwenye sita. Nikasema, "Baba, hao wanne ni wa shangazi." Nilisema kwa sauti ndogo nikadhani hakusikia. Baadaye, tukiwa tunakula, akasema bila kumtazama mtu, "Scolastika alipoachwa, mahari yake niliirudisha mimi, kutoka zizi hili. Zizi ni moja."

Mama aliniongezea mboga.

Sijui nikuandikie nini zaidi ya hayo.

Ignas


Nkome
11 Septemba 1983

Ignas mwanangu,

Marahaba. Barua hii msomee baba yako yote, usiruke.

Kaka yangu Ngassa, mwangaluka. Mimi sijambo. Nimesikia kijana anataka kuoa. Hilo ni jambo jema, na Mungu ampe watoto ambao mimi sikupewa. Ng'ombe wa kukaguliwa na washenga lazima wang'ae. Kwa hiyo natuma debe moja la mafuta ya sangara, jipya, limejaa mpaka mdomoni. Wapeni ng'ombe.

Ziwa limechafuka juma hili, hatukuanika.

Wasalimieni wote.

Scolastika


Nyahanga, Kahama
16 Oktoba 1983

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa bwenini, wenzangu wamekwenda mpirani.

Barua yako nilimsomea baba kama ulivyoagiza, yote. Alifurahi sana. Alisema, "Unaona? Dada yangu ana moyo. Hakusema hata neno moja juu ya wale wanne." Nikamweleza habari ya kikombe kimoja. Nilimweleza mara ya pili nikiwa nimesimama, na nikainua sauti. Akasema, "Dada yangu ametuma debe zima, wewe unataka kupima kwa kikombe kama dawa ya kikohozi? Washenga wanakuja Jumamosi. Kitabu chako kitanenepesha ng'ombe kwa miaka miwili."

Ikabidi nirudi shule. Mama anasema kuanzia Jumatano baba alikuwa akiwamiminia yeye mwenyewe, kwa kata ya maji. Wale sita wake walikataa hata kunusa. Wako wanne walikuwa wamezoea harufu ya samaki, wakala yote.

Nilipofika Jumamosi nilisikia kwanza ukimya. Unajua zizi linavyokuwa ng'ombe wakicheua, ile sauti kama watu wengi wanaosaga kitu taratibu. Haikuwepo. Wanne wako walikuwa wamesimama migongo imepinda, mikia imechafuka, masikio chini.

Washenga walikuwa watatu, na mkubwa wao ni mzee Mageni, mwenye fimbo ya mpingo. Sita wa baba waliwapitisha bila maneno mengi. Wakafika kwa wako. Mzee Mageni akamvuta ngozi yule mwekundu, akamshika taya, akanusa mdomo wake. Akanusa tena. Akageuka.

"Ngassa, huyu ni ng'ombe au ni sato?"

"Ni ng'ombe, mzee. Alipewa dawa kidogo."

"Dawa ya ziwani?"

Mwenzake akacheka. "Tukimpeleka nyumbani atatuuliza nyavu ziko wapi."

Baba akasema, "Ni mafuta tu, mzee. Harufu itaisha."

"Ngassa, sisi hatukuja kukutukana. Lakini binti yetu hatumtoi kwa ng'ombe waliokula samaki. Watoto wake watakuja kuimbwa kwa kejeli kwenye ngoma. Sita tumewaona. Ukiwa tayari na wengine, utatuita."

Hawakukaa hata kunywa uji. Kaka Maganga aliingia ndani, akatoka bila lile shati.

Mtamba mweupe hakuinuka tena. Alikufa Jumatatu, mimi nikiwa kwenye somo la hesabu. Watatu wanaendelea kwa majani makavu na maji tu, kama mwalimu alivyoelekeza, na yule mwekundu ameanza kucheua.

Shangazi, barua yangu ya tarehe 28 Agosti uliipata? Ile niliyoeleza habari ya kikombe.

Ignas


Nkome
6 Novemba 1983

Mwanangu,

Marahaba. Nimeumia kwa ajili ya mtamba. Nilimnunua bado ananyonya, nikamleta kwenu nikiwa nimekaa naye nyuma ya lori, kichwa chake mapajani mwangu. Siku niliyopata barua yako sikwenda mwaloni.

Mvua imeanza huku. Dagaa walioanikwa juzi wameoza wote, inzi wamepata sikukuu. Mgongo ni ule ule. Bei ya chumvi usiulize.

Kuhusu barua unayoitaja, posta ya huku haina uhakika. Nyingine zinafika, nyingine hazifiki.

Soma kwa bidii. Usijichoshe na kutembea kila Jumamosi.

Shangazi yako


Nyahanga, Kahama
15 Januari 1984

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya. Tulifunga shule, nikaenda kulima, nikarudi, na kila nilipoanza kuandika nilichana.

Mvua zimenyesha. Ng'ombe wako watatu wamenona kwa majani mabichi, na yule wa madoa ana mimba. Baba hawahesabu tena. Akipita zizini anasema "wale" tu, kama anazungumza habari za wageni. Kaka Maganga aliondoka mwezi wa Novemba kwenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Anasema atatafuta ng'ombe wanne chini ya ardhi kwa kuwa juu hawapo. Mama huwa anapika sehemu yake kisha anakumbuka.

Nina swali moja, na naomba usikasirike. Kama barua yangu ya Agosti haikufika, ulijuaje kwamba kaka anataka kuoa? Hakuna barua nyingine niliyoandika habari hiyo.

Nilimpepetea mtamba yule vumbi la dagaa kwa mikono yangu majuma mengi.

Ignas


Nkome
12 Februari 1984

Ignas,

Marahaba, mwanangu. Sehemu hii ya kwanza ni yako peke yako.

Ilifika. Niliisoma mara mbili, tena nikitumia kidole. Nilijua kikombe, na nilijua debe. Niliamini baba yako hataweza kupima, kwa maana namfahamu tangu tukiwa watoto. Akipata asali anakunywa mzinga. Nilidhani wataharisha, watanuka, washenga watawakataa, basi. Sikudhani mtamba atakufa. Au nilijua anaweza kufa, maana uliandika "aliyedhoofu", nikaliruka neno hilo kama mtu anayeruka dimbwi.

Unaweza kuniuliza kwa nini sikumwandikia baba yako kwamba nakataa. Ningemwandikiaje? Mahari yangu aliirudisha kweli. Ng'ombe waliotoka zizi lile ndio walioninunulia uhuru wangu. Angenijibu hivyo, na ningekosa la kusema, na wale wanne wangekwenda Isaka wote. Nami ningebaki hapa nikianika dagaa mpaka siku nitakayoinama nisiinuke.

Lakini kuna kitu kilichonichoma kuliko hicho. Baba yako hakuniomba. Alihesabu tu. Angeniomba, Ignas, ningempa wawili siku hiyo hiyo, na ningesherehekea.

Maganga alinipitia hapa wiki iliyopita, anatafuta samaki wa kuwauzia wachimbaji wenzake. Amekonda kama ng'ombe wa Julai. Anaongea habari za duara na mwamba, na vumbi jeupe limemwingia mpaka kwenye kope. Duara ni shimo lao. Wanashuka kwa kamba, na mwezi uliopita moja lilifunga watu ndani. Nilimkaangia sato mzima. Alikula huku akisinzia. Sikumwambia habari ya debe. Alipoondoka nilikaa chini nikashindwa kufanya kazi.

Umenikasirikia, na una haki. Mtamba alikuwa wangu kwa mali, lakini wewe ndiye uliyemfuga.

Kuanzia hapa msomee baba yako:

Kaka Ngassa, mimi dada yako nitarudi nyumbani mwezi wa sita, mavuno yakiisha. Nimechoka na maji. Nina ng'ombe watatu katika zizi lako na nimefurahi kusikia wananona. Maganga yuko shimoni, na mashimo hayana huruma. Kama kuna kitu cha kwangu unachokihitaji ili atoke huko, niombe. Sikatai. Ila niombe kwa mdomo wako, mimi si mti wa kuokota kuni.

Scolastika


Nyahanga, Kahama
25 Machi 1984

Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu, magoti yana nafuu kidogo.

Sehemu yangu niliisoma peke yangu, kisha nikaikata kwa wembe na kuichoma, ili baba asije akampa mtu mwingine amsomee. Bado naumia kwa ajili ya mtamba. Nadhani nitaumia muda mrefu, na nimeona ni afadhali nikwambie kuliko kukunyamazia tena. Lakini uje.

Sehemu ya baba nilimsomea Jumamosi, akiwa amekaa akisuka kamba. Nilipofika kwenye mti wa kuokota kuni aliacha kusuka.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Ameandika yeye mwenyewe, au amemwandikisha mtu?"

"Mwandiko ni wake, baba."

Akaendelea kusuka, lakini vibaya, nikaona anafumua. Mama alikuwa anapepeta mtama karibu. Akasema, "Baba Maganga, mtoto yuko shimoni." Alisema hivyo tu, akaendelea kupepeta.

Baba akasema mzee Mageni alikwisha kuleta neno, watapokea nane sasa na wawili watangoja. Wamekubali kwamba ng'ombe akila majani ya masika nzima anakuwa amesafishika, na mdomo wake haunuki tena. Nikasema ni kweli, hata mwalimu anasema chakula cha zamani kinakuwa kimekwisha toka. Baba akasema, "Basi kitabu chako na mzee Mageni siku moja mmekubaliana." Ni mara ya kwanza kunitania tangu Oktoba.

Nikadhani yamekwisha. Nikaanza kukunja karatasi.

"Chukua kalamu," akasema.

Nikachukua.

"Mwandikie hivi. Mwambie namwomba." Akakohoa. "Mwambie Ngassa anamwomba wawili, na wa madoa asimtoe kwa kuwa ana mimba, awe wa kwake wa kuanzia. Mwambie nilihesabu vibaya." Akatazama pembeni. "Usiandike kama nilivyosema. Andika vizuri, wewe umesoma."

Shangazi, nimeandika kama alivyosema.

Ignas